Timu ndogo ya data ichague vipi programu huria, na kigezo kipi kitangulie?

Nuru_Majedwali

Wanajukwaa, heshima kwenu nyote. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kuendesha mifumo ya data kwa muda mrefu, kwa sababu timu yetu imekwama mahali ambapo nadhani wengi wenu mmepita.

Tuko watu saba: watengenezaji programu wanne na wachambuzi watatu. Mpaka sasa data zetu zote zinakaa katika hifadhidata moja ya PostgreSQL, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayohudumia programu wanayoitumia wateja. Kila asubuhi wachambuzi wanapoanza kuendesha maswali yao ya SQL (lugha ya kuulizia hifadhidata), programu ya wateja inakuwa nzito, na mara mbili tumelazimika kumwomba mchambuzi akatishe swali lake katikati ili wateja wapate huduma. Jedwali kubwa kuliko yote lina mistari milioni 210 hivi, na tukilitoa lote kwa umbo la CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, linafikia gigabaiti 60.

Tumekubaliana kutenganisha uchambuzi na huduma ya wateja, na tumekubaliana kwamba tutatumia programu huria. Makubaliano yetu yaliishia hapo. Mwenzetu mmoja anataka Apache Spark kwa hoja kwamba data zitakua. Mwingine anasema DuckDB inatosha. Wa tatu anapendekeza tuongeze seva ya pili ya PostgreSQL iwe ya kusoma tu. Kwa upande wa kuratibu kazi za usiku, wapo wanaotaka Apache Airflow, wapo wanaotaka Dagster, na yupo mmoja anayeshikilia kwamba cron tuliyo nayo, ile inayoanzisha kazi kwa saa zilizopangwa, haijatukosea lolote. Kwa dashibodi tunayumba kati ya Metabase na Apache Superset.

Nimetengeneza jedwali la kulinganisha, nikaweka idadi ya nyota za GitHub (tovuti inakohifadhiwa misimbo ya miradi), idadi ya wachangiaji, orodha ya vipengele na tarehe ya toleo la mwisho. Jedwali limejaa, lakini halinisaidii kuamua, kwa sababu kila programu inaonekana nzuri ukiisoma kwa namna hiyo. Siombi mniambie ipi ni bora kuliko zote. Naomba mnieleze ninyi hutazama nini kwanza, na ni kitu gani mlichojuta kwamba hamkukitazama mapema.

Seva_Kongwe

Ndugu Nuru, ahsante kwa kutaja ukubwa wa data na idadi ya watu, maana wengi huuliza bila kusema hayo, na ushauri wanaopewa unakuwa wa kubahatisha.

Nianze na jedwali lako. Nyota za GitHub zinaonyesha ni watu wangapi waliwahi kupendezwa na mradi; hazionyeshi wangapi wanautumia leo, wala wangapi waliutumia wakauacha. Mimi, kabla ya kigezo kingine chochote, hujiuliza hivi: programu hii ikisimama saa nane za usiku, ni nani katika timu atakayeweza kuiinua, na atahitaji kujua nini? Timu ya watu saba haina mtu ambaye kazi yake ni kulinda mitambo peke yake. Kila programu mnayoiongeza inakuja na masasisho yake, nakala rudufu zake, nywila zake na namna zake za kuharibika, na kazi hiyo yote itatoka katika saa za watu wale wale saba. Ndiyo maana napima kwanza uwezo wa timu kuilea programu, kisha ndipo nageukia uwezo wa programu yenyewe.

Spark ilianzia katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2009, na ilibuniwa ili kugawa kazi moja kwa kompyuta nyingi. Ugawaji huo una gharama. Data husafirishwa kati ya kompyuta kupitia mtandao, lazima pawepo na mratibu wa kugawa kazi, na hitilafu ikitokea huna budi kusoma logi za mashine kadhaa ili kujua ni ipi iliyoanguka na kwa nini. Unailipa gharama hiyo kwa moyo mkunjufu pale data zisipoenea katika kompyuta moja. Gigabaiti 60 za CSV zinaenea, tena kwa nafasi.

Tatizo lenu la asubuhi linatokana zaidi na namna data zilivyopangwa kwenye diski kuliko wingi wake. PostgreSQL huhifadhi mstari mzima pamoja. Hilo ni jambo jema sana kwa programu ya wateja, ambayo hutaka kuchukua oda moja pamoja na maelezo yake yote, kuibadilisha na kuirudisha. Lakini mchambuzi anayetafuta jumla ya mauzo ya kila mwezi anahitaji safuwima mbili tu, tarehe na kiasi, na hifadhidata inalazimika kupitia mistari mizima, pamoja na safuwima nyingine zote asizozihitaji. DuckDB, iliyotoka katika taasisi ya utafiti ya CWI mjini Amsterdam mwaka 2019, huhifadhi data kwa safuwima na kuzichakata kwa mafungu, kwa hiyo husoma zile mbili zilizotajwa na kuziacha nyingine. Tena haina seva ya kulea: inaendeshwa ndani ya programu yako ya Python au katika kompyuta ya mchambuzi, kama ilivyo SQLite.

Seva ya pili ya kusoma itaondoa msongamano, na kwa watu wanaoijua PostgreSQL si kazi kubwa. Hata hivyo swali lililokuwa likichukua dakika nane litaendelea kuchukua dakika nane, tofauti ni kwamba halitamsumbua mteja. Ipo pia tabia moja ya kuijua mapema: seva hiyo hupokea mabadiliko kutoka seva kuu muda wote, na swali refu likigongana na mabadiliko yanayosubiri kuingizwa, PostgreSQL huvumilia sekunde 30 kwa mpangilio wa awali, kisha hulikatisha swali. Mpangilio huo unabadilishika, lakini ukiongeza uvumilivu unakubali pia kwamba data za upande wa pili zitachelewa.

DuckDB nayo ina mpaka wake, na mpaka huo ndio uliotufundisha. Mchakato mmoja tu ndio unaoweza kuandika katika faili ya DuckDB kwa wakati mmoja. Sisi tulikuwa na faili moja katika kompyuta ya pamoja, kazi ya usiku ikiijaza na wachambuzi wakiisoma. Jioni moja mchambuzi wetu aliifungua bila kuonyesha kwamba anataka kusoma tu, akaacha dirisha wazi, akaondoka. Kazi ya usiku ilipofika ilikuta faili imeshikiliwa, ikakoma hapo hapo. Kesho yake dashibodi zote zilikuwa na namba za juzi, na hakuna aliyegundua mpaka saa tano asubuhi, kwa sababu namba zenyewe zilikuwa sahihi kabisa, ila si za siku ile. Kosa lilikuwa la mpango wetu. Nyaraka za mradi zinalieleza jambo hilo waziwazi. Tangu hapo kazi ya usiku huandika faili za Parquet, umbo la wazi linalohifadhi data kwa safuwima na kuzibana, katika folda ya kila tarehe, na kila mchambuzi huzisoma faili hizo kwa DuckDB yake mwenyewe, asimfungie mwenzake mlango.

Sasa nafika kwenye lile ninalojuta, nalo ni mlango wa kutokea. Miaka kadhaa nyuma tulichagua programu moja ya uchambuzi, ambayo sitaitaja jina, kwa sababu ya kasi yake. Data zilikaa katika umbo lake la ndani, na maswali yetu ya SQL yalijaa maneno ambayo programu nyingine haiyaelewi. Tulipotaka kuhama ilituchukua miezi minne, na sehemu kubwa ya muda huo tulikuwa tukiandika upya maswali na kulinganisha majibu ya zamani na mapya, mstari kwa mstari. Parquet inasomwa na DuckDB, na Spark, na Polars, na pandas. Mkikosea leo kuhusu injini ya kuulizia, mtabadili injini na data zitabaki pale pale zilipo. Kwa hiyo, kabla ya kukubali programu yoyote, kaeni chini muandike hatua za kuhama kutoka kwayo, kwa maandishi, kana kwamba mnahama mwezi ujao. Kule ambako kalamu itasita ndiko mlikofungwa.

Mwisho, fanyeni jaribio la wiki moja kwa data zenu wenyewe na kwa maswali kumi ambayo wachambuzi wenu huyaendesha kila siku. Halafu iharibuni programu kwa makusudi: zimeni mchakato katikati ya upakiaji, jazeni diski, ingizeni faili ambayo safuwima moja imegeuka kutoka namba kuwa maneno. Someni ujumbe wa hitilafu unaotokea, mwone kama mtu mwenye usingizi angeuelewa. Kisha mwambieni mtu ambaye hakushiriki kuisakinisha airejeshe kwa kufuata nyaraka peke yake, na muhesabu dakika.

Leseni_Kwanza

Nakubaliana na Seva_Kongwe kuhusu mlango wa kutokea, ila upo mlango mwingine ambao hakuutaja, na huo hufungwa na mtu aliye nje kabisa ya timu yenu. Nao ni leseni.

Agosti 2023 Terraform, programu ya kuandaa miundombinu ya seva, iliacha leseni ya MPL 2.0 ikachukua leseni inayozuia baadhi ya matumizi ya kibiashara, na baada ya muda mfupi waliokataa walichukua msimbo wa mwisho uliokuwa huria wakaanzisha OpenTofu, chini ya Linux Foundation. Machi 2024 Redis, hifadhidata inayokaa katika kumbukumbu, iliacha leseni yake ya BSD, na siku chache baadaye ikazaliwa Valkey kwa njia ile ile. Elasticsearch, injini ya utafutaji, ilikuwa imetangulia mwaka 2021, na ndiko ilikotoka OpenSearch. Redis na Elasticsearch zote mbili baadaye ziliongeza AGPL, ambayo ni leseni huria inayotambulika, lakini kufikia hapo timu nyingi zilikuwa zimekwisha kuhama, na kuhama huko kulitumia saa za watu ambazo hazikuwa katika mpango wowote wa mwaka.

Kinachounganisha visa hivyo ni kwamba kampuni moja ilikuwa na uwezo wa kutoa matoleo yajayo kwa masharti mapya, ama kwa sababu wachangiaji waliikabidhi haki hiyo kwa mkataba, ama kwa sababu leseni ya awali iliruhusu. Toleo ulilokwisha kupakua linabaki na leseni yake ya zamani, hilo halina shaka. Ila viraka vya usalama vya mwaka ujao vitakuja na toleo jipya. Ndiyo maana mimi, baada ya kusoma faili ya leseni, hutafuta mambo mengine: ni nani mmiliki wa jina la mradi, wachangiaji hutia saini nini, na wenye ruhusa ya kuingiza msimbo wanaajiriwa na waajiri wangapi tofauti.

Katika orodha yako, Spark, Airflow na Superset ziko chini ya Apache Software Foundation, wakfu usiotafuta faida, kwa hiyo hakuna kampuni inayoweza kuamka siku moja ikabadilisha masharti yake. PostgreSQL haina kampuni moja inayoimiliki, na hilo limekuwa hivyo tangu ilipochukua jina hilo mwaka 1996. Haki za DuckDB zinashikiliwa na wakfu usiotafuta faida, na leseni yake ni MIT. Dagster ina leseni ya Apache 2.0 lakini inaendelezwa hasa na kampuni moja. Metabase huria iko chini ya AGPL, na kando yake lipo toleo la kulipia. Ukiitumia ndani ya kampuni yako bila kuibadilisha, AGPL haikutwishi mzigo wa maana. Ukiibadilisha na kuwapa watu waitumie kupitia mtandao, unawajibika kuwapa watumiaji hao msimbo wa mabadiliko yako.

Sitaki nieleweke kwamba kuwa na kampuni nyuma ya mradi ni dosari. Kampuni hulipa mishahara ya watu wanaojibu hitilafu siku za kazi, na miradi mingi ya kujitolea inaitamani bahati hiyo. Ninachosisitiza ni kwamba mjue mpaka wa toleo huria na la kulipia uko wapi kabla ya kuufikia. Mfano mmoja unaowahusu moja kwa moja: ruhusa za kumwonyesha kila mtumiaji mistari inayomhusu tu ziko katika toleo la kulipia la Metabase, ilhali Superset inazo katika toleo lake huria. Kama kila meneja anapaswa kuona mauzo ya eneo lake peke yake, jambo hilo moja linaweza kuamua.

Mchambuzi_Tatu

Mimi ni mchambuzi, si mtengenezaji programu, na naona katika mijadala ya namna hii wachambuzi huulizwa mwisho, wakati sisi ndio tutakaokaa mbele ya programu hiyo kutwa nzima.

Kwa dashibodi, kigezo changu ni nani atakayeuliza maswali mapya. Metabase humwezesha mtu asiyejua SQL kuchagua jedwali, kuweka kichujio na kupata jumla kwa kubofya. Superset ina aina nyingi zaidi za chati na sehemu nzuri ya kuandikia SQL, lakini meneja asiye na mazoezi huipotea. Tulipokuwa tukichagua, niliketi kando ya meneja mmoja nikamwomba atafute oda za mwezi uliopita zilizorudishwa, nami nikanyamaza. Katika programu ya kwanza alifika kwa dakika tatu. Katika ya pili alifungua ukurasa wa kutengeneza chati, akasoma majina ya visanduku vyote kuanzia juu hadi chini, akarudi nyuma, akaniuliza kama amekosea. Nilijifunza mengi zaidi katika dakika zile kuliko katika jedwali lolote la vipengele.

Nyongeza kwa watakaoisakinisha Metabase: inaanza kwa faili moja ya Java na hifadhidata ndogo ya ndani iitwayo H2, na kwa jaribio hiyo inatosha. Kwa kazi halisi waelekezeni watumie PostgreSQL kuhifadhi dashibodi na watumiaji, kama nyaraka zenyewe zinavyosisitiza, kwa sababu dashibodi mia mbili zilizotengenezwa kwa mwaka mzima ni mali, nazo zinahitaji nakala rudufu.

Ratiba_Usiku

Naomba niseme neno kuhusu cron, kwa kuwa yule mwenzenu anayeitetea ana haki ya kusikilizwa. Cron inajua saa, haijui matokeo. Ukipanga kazi ya kwanza saa nane kamili usiku na ya pili saa nane na nusu, umeandika dhana kwamba ya kwanza haitazidi nusu saa, na dhana hiyo haionekani popote isipokuwa kichwani mwako. Siku itakapochukua dakika 34, ya pili itasoma data nusu na itamaliza bila kulalamika. Kama kazi zenu hazitegemeani, bakini na cron, mkiongeza ujumbe wa tahadhari pale kazi inaposhindwa au inapokosa kuanza.

Airflow ilianza ndani ya Airbnb mwaka 2014 na ikawa mradi kamili wa Apache mwaka 2019. Nguvu yake ni kwamba karibu kila hitilafu utakayokutana nayo ipo mtu aliyekwisha kuitatua na kuiandika. Mzigo wake ni kwamba ina sehemu kadhaa zinazopaswa kuwa hai kwa pamoja: mpangaji, seva ya tovuti, hifadhidata ya kumbukumbu zake. Ipo pia desturi yake moja inayowashtua wageni. Katika matoleo ya 2, ukiweka tarehe ya kuanzia ya mwaka uliopita kisha ukaiwasha ratiba, kwa mpangilio wa awali itaendesha kazi kwa kila kipindi kilichopita, hivyo ratiba ya kila siku itazaa mamia ya kazi. Toleo la 3 la mwaka 2025 limegeuza mpangilio huo, na sasa haifanyi hivyo mpaka uombe.

Dagster huangalia jambo kutoka upande mwingine: badala ya kuanza na kazi, unaanza na data inayopaswa kuzaliwa, jedwali au faili, na programu inakumbuka ilitokana na nini na ilitengenezwa lini mara ya mwisho. Kwa timu ya wachambuzi swali "je, jedwali hili ni la leo?" ndilo swali la kila asubuhi, na mimi binafsi naipenda zaidi kwa sababu hiyo. Kisa cha Seva_Kongwe cha namba za juzi kingeonekana mapema. Lakini kabla sijawashauri zaidi, kazi zenu ni ngapi, na ngapi kati yake zinasubiriana?

Mkaguzi_wa_Viraka

Naongeza jambo moja la usalama ambalo jedwali la Nuru haliwezi kulionyesha, yaani idadi ya watu wanaobeba mradi kwa kweli. Safuwima ya wachangiaji inaweza kuonyesha mia tatu, na bado kazi yote ikawa ya mtu mmoja, wengine wakiwa walirekebisha neno katika nyaraka.

Machi 2024, Andres Freund, ambaye ni mmoja wa waendelezaji wa PostgreSQL, aliona kwamba kuingia katika seva kwa SSH (njia salama ya kuingia kutoka mbali) kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Alifuatilia mpaka akakuta mlango wa siri uliofichwa katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, maktaba ya kubana data. Aliyeuweka alikuwa amejijengea imani kwa zaidi ya miaka miwili, akichangia msimbo halali katika mradi uliokuwa ukitunzwa na mtu mmoja wa kujitolea aliyeelemewa.

Kwa hiyo fungueni historia ya mradi, mtazame miezi 12 iliyopita: ni watu wangapi waliidhinisha msimbo wa wengine, ni nani aliyetoa matoleo, na hitilafu ya usalama iliporipotiwa ilichukua siku ngapi kupata kiraka. Halafu hesabuni maktaba ambazo programu inazivuta inaposakinishwa. Programu mbili zinazofanya kazi ile ile zinaweza kutofautiana kwa mamia ya maktaba, na kila moja ni mlango mnaopaswa kuulinda.

Nuru_Majedwali

Wakuu, nawashukuru kwa dhati. Tumechukua siku tano kufanya jaribio kama mlivyoelekeza, na narudi na matokeo pamoja na swali moja.

Jedwali la mistari milioni 210 lilishuka kutoka gigabaiti 60 za CSV hadi gigabaiti 9 za Parquet. Swali la mauzo ya kila mwezi, lililokuwa likituchukua zaidi ya dakika sita, lilimalizika kwa sekunde nne katika kompyuta ya mchambuzi yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16. Mwenzetu aliyetaka Spark aliendesha mwenyewe maswali yote kumi, akasema hana pingamizi tena, mradi data zibaki katika Parquet ili mlango wa Spark usifungwe.

Kwa Ratiba_Usiku: kazi zetu ni 11, na nne kati yake zinasubiriana. Tumeamua zile saba zibaki katika cron kwa sasa, na hizo nne tuzijaribu katika Dagster kwa mwezi mmoja. Kwa dashibodi tumekaa na mameneja wawili kama Mchambuzi_Tatu alivyofanya, na Metabase ndiyo iliyoeleweka. Suala la mistari ya kila eneo halitugusi, kwa kuwa mameneja wetu wote huona takwimu zote.

Swali langu linatokana na sehemu ya kuharibu kwa makusudi. Tulizima mchakato wakati unaandika faili ya Parquet ya siku moja. Faili ilibaki nusu, na kesho yake si siku ile tu iliyokosekana: kila swali lililosoma folda nzima lilikataa kuendeshwa, hata la mwaka uliopita. Je, hili ni la kawaida, na mnajikingaje?

Seva_Kongwe

Ni la kawaida, na nafurahi mmekutana nalo katika jaribio. Parquet huandika maelezo ya muundo wake mwishoni mwa faili: safuwima ni zipi, mafungu yako wapi. Mchakato ukikatika kabla ya kufika mwisho, faili haina maelezo hayo na msomaji hana pa kuanzia, kwa hiyo anakataa. Ni afadhali akatae kuliko angesoma nusu akanyamaza.

Kinga yake ni kwamba kazi ya usiku isiandike kamwe moja kwa moja katika folda inayosomwa. Iandike katika folda ya muda iliyo katika diski ile ile, ihesabu mistari na kuilinganisha na ya PostgreSQL, na hesabu zikilingana ndipo ibadilishe jina la faili ili iingie mahali pake. Kubadilisha jina ndani ya mfumo mmoja wa faili hufanyika kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo msomaji huona ama faili ya zamani ama mpya iliyokamilika. Mkihamia hifadhi ya wingu utaratibu unabadilika kidogo, kwa kuwa kule kitu kinachopakiwa hakionekani mpaka upakiaji ukamilike.

Kila uendeshaji utengeneze upya faili nzima ya tarehe yake, usiongeze mistari juu ya iliyopo, ili kazi ikirudiwa mara tatu matokeo yawe yale yale ya mara moja. Na kwa kuwa oda zinaweza kurudishwa siku kadhaa baada ya kuuzwa, sisi hutengeneza upya siku saba zilizopita kila usiku, siyo jana peke yake. Tazameni katika data zenu oda huchelewa kubadilika kwa siku ngapi, kisha wekeni idadi hiyo badala ya saba yangu.